Kizingiti Kisichoshuka

Nchi ya Jengeni haimo katika ramani mnazozijua, na njia ya kufika huko sitaieleza, kwa sababu simtakii mtu yeyote safari hiyo. Nitasema niliyoyaona tu. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimefundisha watoto wakaidi, nimekaa vikao vya wazazi vilivyoishia kwa kurushiana viatu, kwa hiyo si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini Jengeni ilinishtua tangu saa ya kwanza, na hadi leo ninapoandika haya mshtuko huo haujanitoka.

Kwanza salamu zao. Wajengeni hawaulizani habari za nyumbani wala za watoto. Wakikutana mmoja husema, "Uko juu?" na mwenzake hujibu, "Niko juu," hata kama amesimama ndani ya maji yanayomfika magotini, na wakati wa mvua wengi husimama hivyo. Mji wao mkuu unakua kwa kasi ambayo sijapata kuiona popote. Kila mtaa una jengo linalopanda, na kila jengo likikamilika huchimbwa kisima kirefu chini yake, pampu huwashwa, maji yakafoka, na watu wakapiga vigelegele. Wiki chache baadaye jengo huanza kudidimia. Mlango wa mbele unageuka kuwa dirisha, na dirisha linageuka kuwa tundu la kupitishia paka. Hapo wenyewe huhamia ghorofa ya pili, hujenga nyingine kule juu kufidia iliyopotea, na huwaalika majirani kula pilau.

Nilimuuliza mwenye jengo mmoja kama haoni kwamba nyumba yake inazama. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Haizami," alisema. "Barabara ndiyo inayopanda. Huoni mji unavyoendelea?"

Kama wageni wote, nilipelekwa kuitazama Ikulu. Iko katikati ya mji, mahali ambapo zamani palikuwa na ziwa, na ndilo jengo zito kuliko yote nchini. Ina minara ya mawe, chemchemi zinazorusha maji mchana kutwa, na visima vingi kuliko mitaa mitatu ikiwekwa pamoja. Katika picha za zamani ngazi zake za mbele ni za kupanda. Siku hizi ni za kushuka, unateremka kama mtu anayeingia handakini. Lakini sheria ya mapokezi ilitungwa enzi zile za picha, nayo inasema mgeni atapanda ngazi za Ikulu kwa adabu. Basi kila anayeteremka hulazimika kuinua magoti hadi kifuani, goti moja baada ya jingine, kama apandaye, na askari wamesimama pembeni kukagua. Nilimwona balozi mmoja mnene akiteremka hivyo na jasho linamtiririka. Alikosea hatua, akabingirika hadi chini. Askari walimwinua, wakampangusa vumbi na kumpongeza kwa kufika juu.

Nilitaka kucheka. Nikatazama kulia na kushoto, sikumwona mtu mwingine anayetaka kucheka, na hofu ikaniingia.

Mwisho wa ngazi hizo pana kizingiti cha jiwe jeupe. Ibara ya kwanza ya katiba yao ni fupi, watoto huiimba shuleni kila asubuhi: Kizingiti cha Ikulu hakishuki. Kimo cha kila kitu nchini, iwe nyumba, mnara au mti, hupimwa kutoka kwenye jiwe hilo.

Nilipata chumba Mwambani, mtaa wa pembezoni uliojengwa juu ya jabali tupu. Mwenye nyumba aliitwa Bi Kidawa, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, na kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya mofa. Tanuri lake halikuwa la udongo kama matanuri ya wenzake. Mama yake mzazi alilichonga ndani ya jabali lenyewe, nyuma ya nyumba, na Bi Kidawa alizaliwa hatua chache kutoka hapo huku mikate ikiendelea kuiva. Likipata moto alfajiri halipoi hadi jioni. Huko Mwambani hapakuwa na mlango uliogeuka dirisha, na Bi Kidawa alikuwa mtu wa kwanza katika nchi ile kuniuliza kama nimekula. Nilimpenda palepale.

Miongoni mwa wateja wake wa asubuhi alikuwamo Daktari Ngwali, mkuu wa Ofisi ya Jicho, bwana mrefu, mpole, mwenye kola iliyochakaa. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, akakaa kwenye benchi la uani na kula mkate wake wa moto na chai. Nilipomwambia mimi ni mwalimu wa jiografia, alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, akaanza kunieleza kazi yake bila kuulizwa.

"Jicho ni setilaiti," alisema. "Inapita juu yetu na kutuma mawimbi ya rada. Yanagonga mapaa na barabara, kisha yanairudia. Ikipita safari nyingine inalinganisha mawimbi ya leo na ya juzi. Paa likiwa limeshuka hata kwa unene wa ukucha, wimbi linachelewa kurudi, nasi tunajua. Mawingu hayaizuii, giza haliizuii. Mji mzima tunauona mara moja."

"Kumbe mnajua kwamba mji unazama!" nikasema.

"Polepole, Mwalimu." Alitazama mlangoni kwanza. "Jicho halisemi hapa pameshuka, basi. Linasema hapa pameshuka kuliko pale. Kwa hiyo ni lazima uchague mahali pamoja, useme hapa ndipo pasiposogea, kisha kwingine kote kupimwe kutokea hapo."

"Nanyi mmechagua wapi?"

Daktari Ngwali akainamia kikombe chake. "Kizingiti cha Ikulu," alisema. "Katiba imeshachagua."

Kipande cha mkate kilinikwama kooni. Bi Kidawa alinipiga mgongoni, nikapumua, na Daktari akamalizia kunieleza yale ambayo nilikuwa nimeshayaelewa. Ikulu ndiyo inayozama kwa kasi kuliko mahali pote. Ukiifanya Ikulu kuwa isiyosogea, basi kila kitu kingine nchini kinaonekana kinapanda. Nyumba zinazozama kidogo zinaonekana zinapanda kidogo. Jabali ambalo halijasogea tangu dunia iumbwe linaonekana linapaa. Kila mwaka Ofisi ya Jicho huchapisha ramani ya buluu tupu, buluu maana yake kupanda, na taifa zima hupewa siku ya mapumziko kusherehekea.

"Nawe unaitia sahihi ramani hiyo?" nilimuuliza.

"Vipimo vyake ni sahihi kabisa," alijibu kwa uchungu. "Huwezi kuniambia namba moja iliyokosewa."

Nilidhani huo ndio mwisho wa maajabu yao. Siku hiyohiyo, kabla ya adhuhuri, wakaja mafundi wawili na ndoo ya rangi. Hawakugonga. Walipaka mlango wa Bi Kidawa buluu kutoka juu hadi chini, kisha wakampa mkono na kumwambia anatakiwa Barazani keshokutwa. Ndivyo Wajengeni wanavyomjulisha mtu kwamba ameshitakiwa. Kosa lake lilikuwa kuipita Ikulu kwa kimo. Ramani mpya ilionyesha kwamba nyumba yake, na tanuri lake hasa, vimepanda mno ukilinganisha na kizingiti, na sheria haimruhusu raia kuwa juu kuliko dola. Adhabu huitwa kushushwa. Wanaleta baruti, wanalipua mwamba, wanachimba mpaka kiwanja kilingane na kizingiti cha Ikulu. Kilicho juu ya mwamba huo kinakwenda na kifusi.

"Mimi nimepanda?" Bi Kidawa alipaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Mimi, ambaye goti hili halinifikishi hata darini? Nimepanda lini, nimepanda wapi, nani kaniona?"

Kisha alikwenda nyuma ya nyumba, akaweka kiganja juu ya paa la tanuri na kukiacha hapo.

Daktari Ngwali alipokuja kesho yake, Bi Kidawa hakumpa mkate. Alisimama mbele yake na mikono yake yenye unga.

"Daktari, nyumba yangu imepanda?"

"Haijapanda, Bi Kidawa."

"Basi nenda ukaseme."

"Si jambo jepesi. Mkuu aliyekuwa kabla yangu alisema kwamba Ikulu inashuka. Walimsikiliza vizuri, wakamshukuru, wakampa ofisi mpya katika ghorofa ya chini kabisa ya Ikulu, ili alichunguze jambo hilo kwa karibu."

"Yuko wapi sasa?"

"Hukohuko," alisema Daktari. "Ile ghorofa haina tena mlango."

Bi Kidawa hakurudi nyuma.

"Nimekulisha tangu ukiwa mwanafunzi, baba," alimwambia, na safari hii hakupaza sauti. "Siku zile ulipokuwa huna kitu nilikupa hata mkate wa akiba. Sikuombi unilipe. Nakuomba tu usikae kimya wanapovunja tanuri la mama yangu, nawe unajua."

Daktari aliondoka na kikombe chake kitupu.

Baraza lilikaa katika ukumbi mkubwa wa Ikulu, ambao zamani ulikuwa ghorofani na sasa madirisha yake yanatazama udongo. Maji yalichuruzika ukutani, na watumishi wawili walipita wakiyafuta kwa taulo zenye nembo ya taifa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shekuwe, Waziri wa Kimo, mtu mfupi, msafi, asiyepandisha sauti hata kidogo. Niliruhusiwa kukaa nyuma kama mgeni.

Mjadala ule niliusikia kwa masikio yangu, la sivyo nisingeuamini. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama mshitakiwa amepanda kwa makusudi au kwa uzembe. Mwingine alisema mikate ndiyo ya kulaumiwa, kwa kuwa hamira hupandisha vitu, na mkate wa Mwambani unajulikana kwa kuumuka. Jambo hilo lilijadiliwa kwa muda mrefu na kamati ikaundwa. Wa tatu, mzee mwenye heshima, alipendekeza wamwachie mama wa watu, badala yake Ikulu iongezewe ghorofa mbili ili ishinde. Wakampigia makofi. Mhandisi mmoja akauliza kwa woga kama uzito wa ghorofa hizo hautaongeza hali ya unyevu, maana Barazani neno kuzama hawalitumii, na akaambiwa akae.

"Mshitakiwa ana la kusema?" aliuliza Mheshimiwa Shekuwe.

Bi Kidawa alisimama. Alikuwa amevaa kanga zake za Idi. "Waheshimiwa, mimi sijaenda popote. Niko palepale aliponizalia mama yangu. Kama leo mnaniona niko mbali nanyi, tazameni ni nani aliyeondoka."

Ukumbi ulinguruma kwa hasira. Waziri aliinua kidole, na kabla hajasema, Daktari Ngwali akasimama. Uso wake ulikuwa umepauka. Alikwenda kwenye mashine iliyokuwa ikiangazia ramani ukutani, ile ramani ya buluu, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilisikika.

"Vipimo ni vilevile," alisema. "Sibadilishi hata kimoja. Nabadilisha mahali pa kuanzia tu."

Aliiondoa alama ya sifuri kwenye kizingiti cha Ikulu, akaipeleka polepole hadi ukingoni mwa mji, akaiweka Mwambani, juu kabisa ya paa la tanuri la Bi Kidawa.

Ramani yote ikawa nyekundu. Mitaa, masoko, shule, hospitali, vyote vyekundu, na wekundu ulizidi kukolea kadiri ulivyokaribia katikati, mpaka Ikulu yenyewe ikawa nyeusi kama chungu kilichoungua. Doa moja tu lilikuwa jeupe, maana yake hapasogei, nalo ni Mwambani.

Nilisubiri makelele. Hayakuja. Watu wazima wale, waliokuwa wakibishana juu ya hamira, walikaa wakitazama ukuta, na niliona nyusoni mwao kitu kilichonishtua kuliko upumbavu wao wote. Hawakushangaa. Walijua. Kila mmoja alikuwa amejua tangu zamani, na alichokuwa akisubiri ni mwenzake aseme kwanza.

Mheshimiwa Shekuwe peke yake ndiye aliyeuliza swali.

"Daktari, hapo Mwambani hapasogei kabisa?"

"Hata kwa unene wa ukucha, Mheshimiwa."

"Una hakika?"

"Nchi nzima ikienda chini," alisema Daktari, na sasa machozi yalimtoka, "jabali hilo ndilo litakalobaki."

Waziri aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mashitaka yamefutwa," alisema. "Tunakushukuru, Daktari. Tunakushukuru, Bibi."

Tulitoka mle ndani kama watu waliofufuka. Bi Kidawa alimkumbatia Daktari mpaka kola yake ikajaa machozi, na mimi, mtu mzima, nilirukaruka barabarani. Mwambani walituimbia. Bi Kidawa aliwasha tanuri mchana huo na kugawa mikate bure kwa kila aliyepita, akisema, "Kula, mwanangu, hakuna wa kutushusha," na Daktari alikula minne. Nililala nikiwaza kwamba nimeshuhudia ukweli ukishinda, na nikapanga jinsi nitakavyowasimulia wanafunzi wangu.

Asubuhi niliamshwa na sauti za magari. Nilidhani ni wateja. Nilipotoka uani nikakuta wapimaji wanavuta kamba kutoka mlangoni kwa Bi Kidawa hadi mwisho wa mtaa, na nyuma yao malori yaliyobeba minara ya Ikulu, mawe yake yametiwa namba tayari kwa kupangwa upya. Mheshimiwa Shekuwe alisimama kando ya tanuri, na pembeni yake alikuwapo Daktari Ngwali, amevalishwa nishani, macho yake chini.

"Hongera, Bibi," alisema Waziri. "Baraza limekubali hoja yako yote. Ikulu inahamia mahali pasiposogea. Kizingiti kitawekwa hapa hasa, alipoonyesha Daktari." Alikigusa kwa fimbo yake ya mwanzi kile alichokikusudia. Lilikuwa paa la tanuri.

Bi Kidawa hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, nikakaa chini kwenye benchi.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe na majirani zako mtapewa Ikulu ya zamani. Ni jengo la heshima, mawe matupu. Watu wengi wangetamani."

Mafundi walianza na tanuri. Lilikuwa bado na joto la mikate ya jana, na nyundo ya kwanza ilipoingia, moshi ulitoka kama pumzi. Nilipiga kelele kwamba huu ni wizi. Nilisema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Askari alinishika bega kwa adabu na kuniambia wageni hawahusiki na mambo ya ndani. Nikamgeukia Daktari Ngwali, nikamuuliza kama ana ulimi. Aliifunika nishani yake kwa kiganja.

Kisha Waziri akasoma sheria mpya, maana Wajengeni hawaanzi ujenzi bila sheria. Ibara ya kwanza haikuguswa: Kizingiti cha Ikulu hakishuki. Na kwa mara ya kwanza katika historia yao ilikuwa kweli. Kosa la kuipita Ikulu kwa kimo limefutwa, alisoma, kwa kuwa ramani mpya haimwonyeshi yeyote anayepanda. Badala yake kutakuwa na kosa la kuivuta nchi chini, na atakayeonekana na Jicho akishuka chini ya kizingiti atahesabiwa kuwa mkosaji.

Bi Kidawa alikuwa ameketi juu ya gunia lake la unga katikati ya kifusi. Alisikiliza hadi mwisho. Aliposema, sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, ikabidi Waziri ainame.

"Mheshimiwa, huko mnakotupeleka, panashuka?"

"Kuliko pote nchini. Daktari ametuthibitishia sote."

"Na anayeshuka ana kosa?"

"Ndivyo sheria inavyosema, Bibi."

"Basi mtanishitaki lini?"

Waziri hakukasirika wala hakucheka. Aligeuka kwa Daktari Ngwali na kumuuliza Jicho linapita tena siku gani, na Daktari, bila kuinua macho, akajibu kwa sauti ndogo kwamba linapita Ijumaa.

"Ijumaa," Waziri akamwambia Bi Kidawa kwa upole, akimsaidia kuinuka kutoka kwenye gunia. "Hamieni mapema, tafadhali, ili mkutwe mmeshaingia."